Mkono wa Karani wa Mizani

Karani hakuwahi kununua kitu kimoja. Kiberiti alinunua dazeni, sabuni alinunua katoni, chumvi alinunua gunia zima, mpaka mwaka mmoja mvua ikaingia chini ya mlango ikayeyusha nusu ya hilo gunia, na mke wake akashinda siku mbili akifagia maji ya chumvi kuelekea kwa mtaro. Ukimuuliza kwa nini ananunua hivyo, alikuwa na jibu moja tu: "Maskini ananunua ghali kwa sababu ananunua kidogo."

Mara ya kwanza nililidharau hilo neno. Nilikuwa nauza sigara moja moja, peremende moja moja, mafuta ya kupikia kwa kijiko, hapo Kanduyi karibu na uwanja wa mpira, na nilijua wateja wangu. Mtu wa kijiko hana pesa ya chupa, hata umhubirie namna gani. Lakini siku moja sikuwa na kazi, nikakaa nikapima vijiko vilivyomo ndani ya chupa, nikaona kwamba mtu wa kijiko, mwezi ukiisha, amelipa chupa mbili na amepeleka nyumbani moja. Tangu hapo nikawa namsikiliza Karani, ingawa sikumwambia.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Mke wake mwenyewe alimwita Karani. Alipewa hilo jina na kazi aliyofanya Kitale kabla hajatufikia, kwenye godauni la mahindi, ambako alisimama kando ya mizani miaka mingi akiandika uzito wa magunia. Kazi ilipoisha akashuka Bungoma, akapanga nyumba nyuma ya msikiti mjini, na akafungua kibanda huku kwetu Kanduyi, ukuta mmoja wa mabati na changu. Akikohoa nasikia. Nikipunguza bei anasikia.

Mwili wake ulikuwa mdogo, na mikono mikubwa isiyo yake, kama aliiazima kwa mtu wa mjengo. Hiyo mikono ndiyo watu walikuja kuangalia. Ulikuwa unaweka kitu kwenye kiganja chake cha kulia, anakaa kidogo, anaangalia mbali kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, halafu anakwambia kilo moja na robo. Ukipeleka kwa mizani ni kilo moja na robo. Wenye kuku walimletea kuku. Kuna mama alimletea mtoto wake mchanga kwa sababu kliniki ilikuwa mbali, Karani akambeba, akasema mtoto amepungua tangu wiki iliyopita, amtafute daktari. Mama akaenda. Sijui daktari alisema nini, lakini mama alirudi na ndizi mkungu mzima, na Karani akaupima kabla hajasema asante.

Basi niseme kuhusu kadi, maana ndizo zilizotuunganisha.

Wa siku hizi hawatazijua. Miaka ya elfu mbili ilipoanza zilianza kuja pakiti ndogo zilizofungwa pande zote. Ndani kulikuwa na chingamu moja ngumu na kadi tatu zenye picha za wachezaji wa mpira wa Ulaya. Hujui umepata nani mpaka uchane. Wengi walikuwa wachezaji wa kawaida, lakini katika kila boksi la pakiti thelathini na sita kulikuwa na kadi moja iliyopakwa dhahabu, wakati mwingine mbili. Hiyo moja ndiyo iliyouza zile zingine zote. Wanafunzi walikuwa wanabadilishana, ya dhahabu moja kwa za kawaida kumi, na nimeona kwa macho yangu ya dhahabu ikibadilishwa na viatu vya raba ambavyo mwenyewe alikuwa bado amevivaa. Aliondoka miguu mitupu anacheka.

Na si wanafunzi peke yao. Kulikuwa na bwana mmoja wa ofisini, mwenye tai, ambaye kila Ijumaa alinunua pakiti tano na kusema ni za mtoto wake. Sisi tulijua hana mtoto. Tulimheshimu, tukawa tunamuuliza mtoto anaendeleaje. Anasema anaendelea vizuri, alipata kipa wa dhahabu.

Karani alikuwa mtu wa msikiti, na hizi pakiti zilimsumbua roho. Alikuwa anajiuliza kama kumuuzia mtu kitu asichokiona si kamari. Akaenda akamuuliza shehe, akarudi na sharti. Kuanzia siku hiyo kila mteja, awe wa miaka saba au sabini, aliambiwa kabla ya kulipa: "Unanunua chingamu. Picha ni zawadi." Na mteja lazima aitikie. Vijana wa stendi wakamgeuza mchezo. Walikuwa wanakuja wanasema, "Niaje mzee, nipe chingamu, hiyo picha kaa nayo." Yeye anachana pakiti, anatoa chingamu, anawapa, anabaki na picha. Walicheza hivyo mara mbili tu.

Sasa bei. Ukinunua boksi moja Bungoma mjini, faida yako ni ya kununua chai, mandazi hayamo. Ukipanda Kitale kwa holseli ukanunua katoni iliyofungwa, maboksi ishirini na manne, kila boksi linashuka bei mpaka unaona aibu kwa yale uliyokuwa unalipa zamani. Lakini mwenye holseli hafungui katoni. Inakuja nzima au haiji. Na hakuna mtu Kanduyi aliyekuwa na pesa ya katoni nzima.

Karani ndiye alisema tuchange. Tulikuwa wanne: yeye, mimi, mama wa mandazi ambaye jiko lake lilikuwa mbele yetu, na fundi wa baiskeli aliyekuwa na sanduku la vioo la peremende kando ya pampu zake. Kila mtu robo ya bei, kila mtu maboksi sita. Pesa ilikuwa inapewa Karani, Karani anapanda Kitale, anarudi na katoni imekaa kwenye magoti yake. Haikuwekwa juu ya gari wala nyuma, maana huko wanalipisha mzigo. Wakimwambia alipie anasema huyu ni mjukuu, amelala, msimwamshe.

Kugawa tuligawa namna ya kwetu, kama nyama ya kuchangiana. Mmoja anageuza mgongo. Mwingine anaweka mkono juu ya boksi anauliza, "Hii ya nani?" Aliyegeuka anataja mtu. Anayetaja haoni boksi, na anayeona hataji, kwa hivyo hakuna wa kulaumiwa. Karani ndiye alikuwa anageuza mgongo, mimi nilikuwa wa kuuliza, kwa sababu kisu kilikuwa changu.

Alikuwa na sheria zake za kununua, na hakuna aliyeruhusiwa kuzibishia. Usiulize bei ya boksi, uliza ndani ziko ngapi, halafu ugawe mwenyewe. Nunua msimu wa mpira unapoisha, wakati kadi za mwaka mpya zinakuja na wenye duka wanataka nafasi. Ukipewa nyongeza ya bure, kalamu au kofia, rudi uhesabu tena, kuna kitu kimetolewa. Na ya mwisho, ambayo alikuwa anaisema ameinua kidole: iliyofunguliwa usiguse, hata wakikupa nusu bei. Iliyofungwa ina bei. Iliyofunguliwa ina hadithi.

Ile ya kuuliza ziko ngapi niliiona ikifanya kazi. Siku moja tulikuwa mjini dukani, mwenye duka anasifu maboksi mapya, bei ile ile, rangi nzuri zaidi. Karani akaokota boksi moja, akaliweka kwenye kiganja. Akaangalia mbali. Akasema, "Hii imepunguzwa." Mwenye duka akacheka, akasema mzee, boksi ni lile lile, angalia urefu. Karani akasema urefu ni ule ule, watu ndani si wale wale. Wakafungua wakahesabu mbele ya wateja. Thelathini. Pakiti sita zilikuwa zimepunguzwa kiwandani, na mwenye duka mwenyewe hakuwa anajua. Ilibidi ashushe bei kwa kila mtu aliyekuwa amesimama hapo. Tulitoka nje, na Karani alitembea kama bwana harusi mpaka Kanduyi.

Na ndiyo maana alikuwa na sheria nyingine kibandani kwake, kwamba mteja hashiki pakiti. Ya dhahabu ilikuwa nzito kidogo kuliko za kawaida, kwa ile rangi. Kidogo sana. Mimi na wewe hatuwezi kujua. Lakini kuna watu walikuwa wanajua. Tulisikia kuna mahali wanafungua maboksi, wanapima pakiti moja moja kwa mizani ndogo ya sonara, wanatoa za dhahabu wakauze peke yake, wanarudisha za kawaida mahali pake, wanafunga tena vizuri. Karani mwenyewe angeweza kuzichagua zote kwa mkono, amefunga macho, na alisema hivyo hadharani. Tulimuuliza, kwa nini basi huzichagui ukauza bei kubwa? Akatuangalia kama tumemtukana mama yake. Alisema mkono wake umeandika magunia ya watu, haujawahi kuandika uongo, na hautaanza kwa chingamu.

Nisimfanye malaika. Alikuwa bahili. Kwenye mazishi ya watu alikuwa anahesabu mchango wake mbele ya watu, sarafu kwa sarafu. Aliwanunulia wakwe zake wawili viatu pamoja na vyake, jozi tatu za namba moja kwa sababu tatu zilishuka bei, na miguu ya watu hao watatu haikufanana hata kidogo. Mkwe mmoja alitoboa mbele vidole vikatoka. Mke wake alikuwa anatuambia kwamba wao hawalali kitandani, wanalala juu ya sabuni. Na alikuwa na majivuno, hasa ya ule mkono. Alitaka kuambiwa kila wakati. Ukisahau kumsifu anatafuta kitu cha kupima.

Mimi pia alinipima. Nilikuwa nafunga sukari ya nusu kilo kwa karatasi, na nakiri kwamba nusu yangu haikuwa nusu. Nani angejua? Karani alipita akachukua moja kwa meza yangu, wateja watatu wamesimama, akaiweka kiganjani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jirani, hii nusu yako imekonda." Akairudisha akaenda zake. Wateja walicheka. Mmoja hakurudi tena. Hilo jambo nililimeza, lakini halikushuka. Lilikaa hapa kwa koo miaka miwili, na ndiyo sababu ya haya mengine ninayosema.

Katoni iliyotuvunja ilikuja mwisho wa msimu mmoja, shule zikikaribia kufunguliwa. Tulikuwa tumechanga kama kawaida. Mama wa mandazi alikuwa ametoa pesa ya unga wa wiki mbili, akasema wanafunzi wakirudi itarudi, na kama haitarudi yeye atakuwa hana cha kukaanga. Karani alipanda Kitale. Holseli yetu ya kila siku ilikuwa bado na bei ile ile, lakini kwenye veranda ya jirani kulikuwa na mtu mwenye katoni chache, imefungwa kila moja, bei imeshuka robo. Akasema anamaliza msimu. Karani hakuwa mtoto. Aliangalia selotepu ya kiwanda juu, ilikuwa nzuri. Aliangalia pembe. Akaibeba kwenye mkono, akaangalia mbali, mkono ukamwambia imejaa. Akanunua. Na ile robo aliturudishia kila mtu sehemu yake, hadi shilingi. Nakumbuka mama wa mandazi alimbusu mkono, ule ule wa kulia, na Karani akajifanya hakuona.

Alifika jioni, katoni ikalala kwake, asubuhi tukagawa. Akageuza mgongo. Nikakata selotepu ya juu. Hii ya nani? Ya fundi. Hii ya nani? Ya mama. Mpaka ikaisha.

Walipoondoka nikaikunja ile katoni tupu, maana makaratasi yake nilikuwa natandika sakafuni. Nikaigeuza. Chini kulikuwa na selotepu mbili. Moja ya kahawia, ya kiwanda, imekatwa katikati kwa wembe. Na juu yake nyingine, ile inayoonyesha ndani, mpya, imebandikwa sawasawa.

Nilijua maana yake hapo hapo. Mtu ameingia kwa mlango wa nyuma.

Sikusema. Nilijiambia labda ni kitu cha kiwandani. Nilijiambia bei ilikuwa nzuri. Lakini ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilisema moyoni, leo nusu ya Karani nayo imekonda. Nikaitandika katoni, selotepu chini, nikaikanyaga.

Wiki ya kwanza wanafunzi walinunua kama nyuki. Wiki ya pili wakaanza kuuliza. Ya dhahabu iko wapi? Wiki ya tatu walikuwa wanapita mbele yetu kwenda kununua mjini, na mmoja akamwambia mama wa mandazi ati kadi zenu ni za ukoma. Bwana mwenye tai alinunua kumi, akachana zote hapo hapo, akatuangalia, akaenda bila kumtaja mtoto. Fundi alikasirika akachana boksi zake zote zilizobaki. Hakuna hata moja. Katika maboksi yote ya katoni ile yaliyokwisha kufunguliwa, hakuna ya dhahabu hata moja.

Tukaitana nyuma ya jiko la mandazi. Fundi ndiye aliongea. Alikuwa kijana wa Misikhu, mdomo mwepesi, lakini siku hiyo aliongea polepole. Alisema yeye hataki kumkosea mzee heshima. Alisema anataka tu kujua vitu viwili. Katoni ililala kwa nani? Na hapa Kanduyi, ni nani mwenye mkono wa kujua pakiti ya dhahabu bila kuifungua?

Tulijua jibu la yote mawili. Mama wa mandazi alikuwa analia bila sauti, anapanguza mikono kwa aproni ambayo haikuwa na unga.

"Karani," akasema, "wewe niambie tu hapana. Ukisema hapana mimi nitaamini."

Karani alikaa. Alimwangalia mama, akamwangalia fundi, akaniangalia mimi. Neno lilikuwa kwa mdomo wangu. Selotepu. Neno moja tu. Nikaangalia jiko.

"Semeni mnavyoona," Karani akasema.

Ni hayo tu. Aliinuka, akaenda kibandani, akarudi na pesa yote ya mauzo yake na boksi zake tatu zilizobaki, akaviweka mbele ya mama wa mandazi. Sisi tukaona ndiyo hiyo, amekubali. Mtu asiye na hatia angepiga kelele. Mwezi ulipoisha akafunga kibanda, na tukasikia amerudi Kitale kwa binti yake. Sabuni zilibebwa kwa mkokoteni mara mbili.

Hatukuchanga tena. Nani angepewa pesa? Fundi hakutaka kunipa mimi, na mimi sikutaka kumpa fundi. Kila mtu akawa ananunua boksi moja moja mjini, kwa bei ya maskini. Kadi zikatushinda mmoja baada ya mwingine. Mama wa mandazi alipika uji kwa muda, mpaka akapata pesa ya unga wa mandazi. Hiyo robo ya bei tuliyookoa kwa katoni moja ilitugharimu bei nzuri ya katoni zote ambazo zingefuata.

Miaka ilipita, si mingi. Simu ziliingia kila mfuko, na kadi ambazo watu walitaka zikawa za kukwaruza. Nikapanda Kitale kwa mambo ya mahari ya mtoto wa ndugu yangu, na mahari yakachelewa kama kawaida yake, nikatoka kutembea. Karibu na soko kulikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Nje, kwenye kiti cha plastiki, amekaa Karani.

Kazi yake ilikuwa kupima mahindi ya watu kabla hayajaingia kusagwa. Mbele yake kulikuwa na mizani ya chuma yenye mawe. Nilisimama mbali nikamwangalia. Mama mmoja akaleta gorogoro moja tu ya mahindi, mkebe wa kilo mbili, kitu ambacho zamani angekipima akiwa anakunywa chai. Akaiweka kwa mizani. Akaangalia sindano. Akaitoa, akaiweka tena, akaangalia mara ya pili.

Nikaenda. "Karani."

"Jirani," akasema, kabla hajainua kichwa. "Kikohozi chako nimekisikia tangu pale kwa viatu."

Tukaulizana wazima. Tukaulizana wagonjwa. Mke wake alikuwa mzima, analalamika. Mimi nilikuwa nimejiambia kwamba nikimwona tena nitasema, kwa hivyo nikasema, bila kupamba. Nikamwambia ile katoni ilikuwa imefunguliwa kabla hajainunua. Kulikuwa na selotepu mbili. Nikamwambia niliiona siku ile ile tuliyogawa, na nikanyamaza kwa sababu ya sukari.

Hakuuliza sukari gani. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, nilikuwa nataka hata kutukanwa. Yeye akauliza kitu kingine.

"Ilikuwa upande gani?"

"Chini."

"Chini," akasema. "Juu niliangalia. Pembe niliangalia zote. Chini sikuangalia."

"Kwa nini hukuangalia?"

"Chini ndiyo ilikuwa imekaa kwa mkono."

Mtu wa mashine akamwita, akaenda akapima gunia, akarudi. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeletewa hesabu iliyompotea.

Nikamuuliza kile ambacho kilikuwa kinaniuma zaidi. Mama alikwambia sema hapana tu. Si ungesema hapana?

"Ningesema hapana, mngeniuliza la pili."

"La pili gani?"

"Kwamba mkono wangu ulikuwa wapi." Akanyoosha kiganja chake juu ya goti, akakiangalia bila kukisifu. "Jirani, mwizi watu wanasema ni mbaya, lakini wanasema ni mjanja. Karani wa mizani ambaye hajui ameshika nini, huyo wanamwita nani? Nilipima katoni yenye kidonda nikasema ni nzima. Nikaona heri mniite mwizi."

"Na sasa?"

"Sasa nimezeeka. Binti yangu anasikia maneno kutoka Bungoma, watoto wake wanasikia." Akasogeza jiwe la mizani. "Waambie sikuiba. Mama hasa. Mwambie mama sikuiba."

"Na ya mkono?"

"Ya mkono iache hapa Kitale."

Nikamkubalia. Tukaagana vizuri, akanipimia unga kilo mbili wa kupelekea mke wangu, kwa mizani, na akaongeza kidogo juu, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya.

Nilifika Kanduyi kesho yake mchana. Mama wa mandazi alikuwa jikoni, fundi amepindua baiskeli ya mtu anatafuta pancha kwa beseni la maji. Nikawaambia Karani hakuiba. Nilitaka iishie hapo, naapa. Mama akakaa chini, akasema Mungu wangu, mara mbili. Lakini fundi ni fundi, huwezi kumwambia gurudumu limepona bila kumwonyesha tundu.

"Kama hakuiba," akasema, "mkono kama ule ulishindwaje kujua?"

Nikatafuta njia ya pembeni, haikuwepo. Kama sisemi la pili, la kwanza halina miguu. Basi nikawaambia yote: katoni ilifunguliwa kwa chini, ikafungwa na selotepu mpya, na Karani aliibeba kutoka Kitale mpaka Kanduyi kiganja chake kikiwa juu ya hiyo selotepu.

Fundi alicheka. Alicheka mpaka akaangusha ndani ya beseni kipande cha mpira alichotaka kuzibia. Mama naye akaanza, anapiga paja, anasema jamani, mkono ule, mkono niliobusu. Walicheka vile vile Karani alivyojua watacheka. Hapakuwa na ubaya ndani yake. Walikuwa wanacheka kwa sababu mtu wao amerudi msafi, na fundi akasema Jumapili tupande sisi watatu tukamsalimie, akabebewe mandazi.

Halafu akakatiza kucheka. Akaingiza mkono ndani ya maji kutafuta kile kipande, na bila kuniangalia akaniuliza, "Na wewe hiyo selotepu uliiona lini?"

Mama pia akaniangalia. Baiskeli ilikuwa bado imepinduliwa, gurudumu la mbele linazunguka polepole. Nikangoja lisimame.

Nikawaambia lini.